Upatu Wetu wa Pointi za Ndege

Vile vikaratasi vya kupandia ndege ninavyo vyote. Viko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, hapa Korogwe, na wino wake unafifia mwaka hadi mwaka mpaka vingine havisomeki tena. Mke wangu aliwahi kuniuliza navitunzia nini, nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Nadhani nilikuwa naogopa kwamba siku moja mtu ataniambia wewe hukuwahi kupanda ndege, nami nisiwe na cha kumwonyesha.

Mimi ni fundi wa korona. Kwa asiyejua, korona ni ile mashine kubwa inayokwangua jani la mkonge mpaka zikabaki nyuzi tupu. Nilisoma hadi darasa la saba, ufundi nikaupata kwa kushika spana za watu. Karakana yetu iko Korogwe lakini mashine tunazozitengeneza nyingine ziko mbali, kule kusini na kule kanda ya ziwa, na majani ya mkonge yakishakatwa hayamsubiri fundi aliye kwenye basi. Mwajiri akaona heri atupandishe ndege. Ndiyo maana mtu kama mimi, mwenye grisi kwenye kucha, nimepanda ndege mara nyingi kuliko mwalimu mkuu aliyenifundisha.

Mwajiri huyo huyo ndiye aliyetuagiza kila fundi awe na daftari la kuandika kazi ya siku. Mimi nikaandika kazi, halafu nikaanza kuandika na mengine. Haya ninayoyasema nayatoa humo. Palipo na shaka nitasema pana shaka, maana daftari langu nalo si la kuaminiwa sana. Kuna siku nimeandika neno moja tu, "joto."

Tulikuwa mafundi watatu tuliosafiri pamoja. Mkubwa wetu ni mzee wa Kang'ata, Handeni, ambaye alizijua korona kabla sisi hatujazaliwa. Wa pili ni fundi umeme, rika langu, mtu wa Mazingara, mwenye maneno. Wa tatu ni mimi. Majina yao siyaweki, kwa sababu hawakuniomba niwaandike.

Shirika la ndege nalo silitaji. Ni la ndani ya nchi. Nikisema mabaya yake bila mazuri yake nitakuwa nimedanganya, na mazuri yapo. Maji wanakupa. Korosho wanakupa, pakiti ndogo kama ya mbegu za nyanya, lakini wanakupa kwa adabu. Ndege ikichelewa wanatuma ujumbe, "Ndugu abiria, tunasikitika," ingawa ujumbe unatukuta tumeshakaa uwanjani Dar es Salaam tangu asubuhi, maana mtu wa Korogwe akitaka kuwahi ndege hutangulia siku moja. Safari moja ya Mwanza ilifutwa mchana kweupe. Wakatupeleka hotelini, wakatulisha wali na kuku, na fundi umeme akasema laiti wangefuta na ya kesho. Kwa hiyo siwezi kusema walitutesa. Walituchelewesha, basi.

Walikuwa na kadi za abiria wa mara kwa mara. Unajaza fomu, unapewa namba, na kila ukisafiri unaandikiwa pointi. Zikifika kiasi chao unapata tiketi ya bure, ila kodi za uwanja unalipa mwenyewe. Na ukisafiri sana unapandishwa daraja, kutoka la kawaida kwenda la fedha, na juu yake liko la dhahabu, ambalo sikuwahi kumwona mtu analo. Tulijaza fomu wote watatu siku moja, tukiegemea begi la spana.

Wazo la upatu lilikuwa la mzee. Wake zetu wanacheza upatu mtaani, kila wiki wanachanga na mmoja anapokea. Sisi wenyewe tulishacheza pale karakanani, tukaezekeana nyumba. Sasa kila mmoja alipoona kwamba pointi zake peke yake zitachukua miaka kufika popote, mzee alisema jambo ambalo kwetu lilikuwa wazi kabisa: tuziweke zote kwa mtu mmoja. Mwaka huu zangu, mwaka ujao zako, wa tatu za fundi umeme. Hatukuuliza kama shirika linaruhusu. Haikutujia kichwani kuuliza. Upatu kwetu haujawahi kuombewa ruhusa kwa mtu, ni watu kukubaliana na kuaminiana, na sisi tulikuwa tunaaminiana.

Mzee akaanza kupokea, kwa sababu ya umri. Kila tukifika kaunta anatoa kadi yake, na sisi wawili tunamwambia dada, tuandikie namba hiyo hiyo. Vidole vya dada vinatembea kwenye mashine, vikaratasi vinatoka, tunaridhika. Nimejaribu sana kukumbuka kama kuna aliyetukataza. Kwenye daftari nimeandika tu, "Leo tumemwekea mzee." Labda kuna dada aliyesema jambo, foleni ikiwa ndefu nyuma yetu, nasi tukaitikia ndiyo, asante, bila kusikiliza. Siwezi kuapa.

Mwaka ulipokwisha mzee akapata tiketi. Akampa mkewe aende Mtwara, ambako binti yao ameolewa na alikuwa amejifungua. Yule mama hakuwahi kupanda ndege. Aliporudi alikuja mwenyewe karakanani kutoka Kang'ata, amevaa vizuri, ametuletea mimi na fundi umeme korosho za kubanguliwa, kila mmoja na mfuko wake. Akasema tumempandisha, akatuombea dua tukiwa tumesimama na mikono michafu. Tulikula zile korosho siku mbili. Nataja hizi korosho kwa sababu zitarudi kunisumbua.

Mwaka wa pili ukawa wangu. Wote wakaanza kutaja namba yangu kaunta, na kabla ya mwaka kwisha nikapandishwa daraja la fedha. Sikushangaa. Nilijua kuna watu watatu wanaopanda kwa jina langu.

Daraja la fedha lina mambo yake. Begi lako linaongezewa kilo, unaitwa kupanda kabla ya wengine, na unaingia launji, ile sebule yao ya kusubiria ndege. Siku ya kwanza launji nilikaa ukingoni mwa kiti kama niko kwa wakwe. Palikuwa na sambusa, matunda yaliyokatwa, chai ya kila namna. Sikugusa. Nilijua nikishika kitu tu atatokea mtu na karatasi ya bei, kwa hiyo nikanywa maji yangu niliyotoka nayo nyumbani. Ni ndani ya ndege ndipo fundi umeme aliponiuliza kwa nini sikumfungia hata sambusa mbili ilhali ni bure. Karakana nzima ilisimuliwa.

"Huyu bwana," alikuwa anawaambia, "kaenda harusini akarudi na njaa kwa kuogopa sahani."

Kuitwa kwanza nako kulinishinda. Wakisema wenye daraja la fedha wasogee, mimi naona kina mama wamebeba watoto wamesimama, nami niwapite na kadi? Nilikuwa naingia mwisho. Sijui kama ule ulikuwa utu au ni woga tu. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu la kuniridhisha.

Sasa nifike kwa mama yangu, maana haya yote nayasema kwa ajili yake.

Mama anaishi Vugiri, huko juu. Baba alikuwa Mzigua wa Handeni, na alipofariki mama alirudi milimani kwao, kwenye kishamba cha chai na migomba alichoachiwa na wazazi wake. Katika ndugu zake amebaki mmoja, mdogo wake wa kike, mama yangu mdogo, aliyeolewa Mwanza. Hawakuwa wameonana tangu msiba wa baba. Halafu mama aliteleza shambani wakati wa mvua, nyonga ikavunjika, na ikaunga vibaya. Hospitali wakamwambia asikae kwenye kiti muda mrefu. Basi la kwenda Mwanza ni kukaa mchana kutwa na zaidi, kwa hiyo Mwanza ikawa kama imehamishwa nchi.

Ndipo mama mdogo alipopata kiharusi. Upande mmoja ukafa, ulimi ukawa mzito, na watoto wake wakatuambia kwamba maneno yanampungua wiki hadi wiki, na kwamba katika machache yaliyobaki kuna la kumwita dada yake. Nilipanda Vugiri kumweleza mama. Hakulia. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya mpaka zikaisha.

"Nifikishe wakati bado anaongea," aliniambia. "Akinyamaza sitakuwa na cha kwenda kufuata."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina pointi. Nilisema hivyo kwa uhakika ambao si wangu, mimi huwa sina uhakika hata kama nimefunga mlango. Akauliza pointi ni kitu gani. Nikamweleza kwa mfano wa upatu, akaelewa papo hapo, akasema kumbe na huko angani mnacheza. Hesabu yangu ilikuwa hii: watu watatu mwaka mzima, na tumesafiri zaidi ya ule mwaka wa mzee, haiwezi kukosa tiketi mbili za kwenda na kurudi, yake na yangu. Nimpeleke, nikae naye siku chache, nimrudishe.

Kesho yake nilipiga simu kwa shirika nikiwa karakanani, nikaiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili na wenzangu wasikie, maana pointi zilikuwa zetu. Alipokea dada mwenye sauti ya upole. Akauliza tarehe yangu ya kuzaliwa, akaniambia subiri, kisha akasema pointi zangu zinatosha tiketi moja. Ya kwenda.

Nikamwomba aangalie tena. Nikamweleza kwamba hizo ni za watu watatu, na mwaka wa kabla tulimwekea mzee, na huu ni wangu. Nikamsikia anabonyeza mashine yake.

"Baba yangu, pointi hazichangiwi," alisema. "Aliyekaa kwenye kiti ndiye anayeandikiwa. Jina lisipolingana na namba, mfumo unaitupa."

Nikauliza unaitupa wapi.

"Haiendi popote, baba."

Hakunicheka. Hilo naliweka wazi. Alinieleza taratibu kwamba safari ambayo haikuandikwa mtu anaweza kuidai akiwa na kikaratasi chake, lakini isizidi miezi sita, na za kwangu za mwaka ule tuliomwekea mzee zimeshapita mbali; wenzangu vikaratasi vyao hawakuvitunza. Akasema sheria ziko nyuma ya fomu tuliyojaza. Ni kweli ziko. Fomu ninayo. Maandishi ni madogo lakini ni Kiswahili, kwa hiyo hata lugha siwezi kuisingizia.

Simu ikakatika. Mzee alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo. Fundi umeme ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo mzee alikula chake mwenyewe," akasema, "halafu akatushukuru na korosho juu."

Alitaka tucheke. Mimi nilijaribu. Mzee hakucheka, akachukua koti lake msumarini akaondoka, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.

Jioni ile nilishusha kopo la biskuti nikavimwaga vikaratasi kitandani. Kwenye kila kimoja pana sehemu ya namba ya mwanachama. Vya mwaka wangu, namba yangu ipo. Vya mwaka wa mzee, pale panapotakiwa namba pako peupe. Vyote. Nilikuwa nimeushika ushahidi kwa mkono wangu kila safari, nikautia mfukoni, nikauleta nyumbani, nikaufungia kwenye kopo, na sikuwahi kuusoma. Mke wangu alisema si kosa langu. Anasema hivyo kwa mengi.

Jumapili mzee alikuja kwangu kutoka Kang'ata na gunia la machungwa kwenye bodaboda. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akakataa chai. Alisema amekuja kwa sababu amekula upatu wangu na hajaulipa. Nikamwambia mzee wangu, hukula cha mtu, umesikia mwenyewe, zile zilikuwa safari zako, sisi hatukukupa hata pointi moja. Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo haki. Kama kuna wa kudai, basi ni mke wake atudai korosho.

"Mliponipa mlijua mmenipa," akasema. "Na mimi nilipopokea nilijua nimepokea. Hayo ya mtambo ni ya mtambo."

Hatukuafikiana. Nilitaka kumtua mzigo, naye alikuwa hakubali kutuliwa, na nikaona kadiri ninavyomwambia hana deni ndivyo ninavyomvua kitu. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa na haki. Kwa hesabu ni mimi. Lakini sijui.

Alichofanya ni hiki. Alivaa koti lake la harusi za wanawe, akapanda basi mpaka Dar es Salaam, akaenda ofisi ya shirika kuwaomba watambue upatu wetu. Alichukua na kadi yake. Walimpokea vizuri, wakampa kiti na soda baridi, wakamsikiliza mpaka mwisho, na mkubwa wao akatoka kumwambia kwamba anasikitika. Pointi za mzee zilizobaki hazikufika hata nusu ya safari, na kuziunganisha na za mtu mwingine haiwezekani. Wakampa kalenda ya mwaka unaofuata. Nzuri, ina picha ya ndege juu ya mlima. Aliniletea ile kalenda imekunjwa vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikarudi Vugiri kumwambia mama kwamba iko ya kwenda tu, na ni ya mtu mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilitaka kumwambia asubiri nitafute nauli ya kurudi kwanza, ili asije akakwama ugenini na nyonga yake. Hakunipa nafasi.

"Ya kwenda nipe," alisema. "Ya kurudi ni shida yenu nyinyi mlio wazima."

Viti vya bure navyo ni vichache kwa kila ndege. Cha karibu kilikuwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu hizo kila tukipiga simu Mwanza binamu zangu walikuwa wakimwekea mama mdogo simu sikioni, na sisi huku tunasikia neno moja moja na pumzi. Mara ya mwisho kabla ya safari tulisikia pumzi tu. Mama akasema anapumzika.

Tulitangulia Dar es Salaam siku moja, tukisimama njiani mara nyingi ili anyooshe mguu. Uwanjani walimleta dada na kiti cha magurudumu, bure kabisa, na mama akamuuliza kwao wapi, wazazi wazima, mpaka yule dada akawa anacheka. Kwenye mizani ndipo mambo yalipoharibika. Mama alikuwa na begi moja na mfuko wa magimbi ya Vugiri, kwa sababu mdogo wake alikuwa anayalilia tangu alipoolewa, anasema ya Mwanza hayana utamu. Uzito ulizidi. Nikatoa kadi yangu ya daraja la fedha. Ndiyo mara ya kwanza maishani nimeitoa kwa kujivuna.

Kaka wa kaunta aliitazama, akanirudishia. Akaniambia kilo za nyongeza ni za mwenye kadi anaposafiri yeye. Leo anasafiri mama, na mama hana kadi. Ni sawasawa na alivyosema dada wa simu: aliyekaa kwenye kiti. Nikairudisha kadi mfukoni. Pesa ya kulipia uzito sikuwa nayo, kodi za uwanja zilikuwa zimeshanikausha.

Basi tukaufungua mfuko pale chini, watu wakitupita, tukatoa magimbi moja moja. Mama alikuwa anayachagua akiwa kwenye kile kiti, ananielekeza kwa kidole, hilo toa, hilo acha, halafu naye akaona kila anachoacha ni kizito, akasema toa yote. Yule kaka alikuwa anatazama. Alipoona mizani imeshuka akainama, akaokota mawili madogo, akayatia begini mwenyewe, akafunga zipu. Nimeliandika hilo daftarini siku ile ile nisije nikalisahau nikiwa na hasira.

Mlangoni pa ukaguzi wakaniambia mwisho wangu ni hapo. Nilikuwa nimepita mlango ule sijui mara ngapi, na launji ile ilikuwa upande wa pili na sambusa zake, na sasa nimesimama na mfuko wa magimbi. Nilitaka kumweleza mama mambo ya mkanda, na kwamba masikio yataziba ameze mate. Nilikuwa nimepanga kumwambia garini nikasahau. Dada akakisukuma kile kiti, mama akawa anamsimulia jambo, hakugeuka. Nilisimama mpaka askari akaniuliza mzee, unasubiri nini.

Alipiga simu alipofika. Alisema amewekwa dirishani lakini hakuona kitu, bawa lilikuwa limeziba. Walimpa korosho akamwekea mdogo wake. Na alipoingia chumbani kwa mama mdogo, yule mgonjwa alimtazama kwa muda, kisha akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna aliye hai anayelijua isipokuwa wao wawili. Alilitaja mara moja tu. Tangu hapo, mama anasema, hajatamka neno lingine la kueleweka.

Kwa hiyo aliwahi. Hilo shirika lilimfikisha, na siwezi kulikana.

Siku chache baadaye nilipata ujumbe kwenye simu, wananiuliza safari ya mgeni wangu ilikuwaje, niwape nyota kuanzia moja hadi tano. Nilikaa nao siku nzima. Nilifikiria kiti cha magurudumu, na yale magimbi mawili, na dada wa simu aliyeniita baba yangu. Nikafikiria na ile sehemu nyeupe kwenye vikaratasi, kwamba mashine inajua jina halilingani na haimwambii mtu. Nikawapa nne. Fundi umeme aliniambia mimi ni mjinga, ningewapa moja wanipigie wanibembeleze.

Hayo ni ya mwaka jana. Mama bado yuko Mwanza.

Mwajiri sasa anatumia mafundi wa huko huko, ambao sisi wenyewe tuliwafundisha, na walifundishika vizuri. Mzee amestaafu. Mimi na fundi umeme hatutoki Korogwe tena ila kwa pikipiki. Shirika likaniandikia kwa heshima kwamba daraja langu limerudi la kawaida. Pointi zilizobaki zimepungua kidogo tu kufikia tiketi moja, kama safari moja hivi ya Mtwara, na safari hiyo sina wa kunipeleka. Wameniandikia pia kwamba pointi hizo zinakufa mwisho wa mwezi huu. Nimejaribu kutafuta nauli kwa njia ya kawaida. Kila ikikaribia kutimia kunatokea jambo. Siku waliyotangaza viti vya bei nafuu nilikuwa chini ya korona na simu iko kwenye koti, na nilipotoka vilikuwa vimekwisha. Siwalaumu, walitangaza kwa watu wote.

Nilimpigia mama wiki hii nimwambie ukweli, kwamba ya kurudi sijaipata na sijui nitaipata lini. Nilikuwa naogopa. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alisema mdogo wake anakula kijiko kwa kijiko, na akimwacha hata nusu saa anamtafuta kwa macho. Aliniuliza chai yake ya Vugiri nani anachuma. Nikamwambia. Kisha akaniambia kwamba yale magimbi mawili hawakuyapika. Aliyapanda nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, na yameshika, majani yake sasa yanafika kiunoni.

"Usijihangaishe," akasema. "Mimi nitakula kwanza magimbi yangu."

Nikamuuliza yatakomaa lini. Akasema bado bado, miezi miwili, mitatu, inategemea.

Sikujua ananifariji au ananiambia harudi. Nilitaka kumuuliza, nikaona swali lenyewe lina aibu, nani mimi wa kumuuliza mama kama anataka kurudi na sina cha kumrudishia. Nikamwambia sawa mama. Alikata yeye, kwa sababu mgonjwa alikuwa amemwita, kwa namna anayomwita siku hizi, kwa kugonga ukuta.

Ile kalenda ya ndege juu ya mlima bado imetundikwa jikoni. Mke wangu ameizungushia wino tarehe ya mwisho ya mwezi huu. Sijui aliweka alama ile ili tufanye nini siku hiyo, na sijamuuliza.